Mpira Uliogusa Nguzo

Evarista Mkude aliingia Johannesburg mwaka 1993 akiwa na mimba ya miezi sita, pembeni ya mume aliyekuwa akishangiliwa. Vusumuzi alikuwa mmoja wa Waafrika Kusini waliokaa Mazimbu, Morogoro, miaka ile ya kukimbia ubaguzi wa rangi. Evarista, mtoto wa Kiluguru, alikuwa mpishi katika jiko la shule yao, na huko ndiko walikopatana. Waliporudi kwao, ndugu waliwapokea katika kitongoji cha Alexandra kwa nyimbo na ng'ombe wa kuchinja. Binti yao Nomsa akazaliwa hapo hapo.

Nyimbo ziliisha mapema. Vusumuzi alipata kazi ya ulinzi, akaipoteza, akapata nyingine, akaipoteza nayo, mwisho akaiacha hata habari ya kutafuta. Mei 2008, watu walipopita nyumba kwa nyumba wakiwasaka wageni, Evarista alitolewa nje na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Alijibu sawasawa, kwa maana alikuwa ameishi pale miaka kumi na mitano. Hata hivyo walibeba cherehani, magodoro na sufuria zikiwa bado na chakula. Polisi walipofika, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyesimama mlangoni kwake tangu mwanzo hadi mwisho, aliulizwa ameona nani.

"Angibonanga," alisema jirani. Sikuona. Alisema hivyo akimtazama Evarista usoni.

Cherehani ilikuja kupatikana nyingine. Lile neno halikumtoka.

Mumewe alifariki miaka mitatu baadaye. Nomsa alipokua aliolewa Durban, na sasa hupiga simu Jumapili kwa Kizulu kilichochanganyika na Kiingereza. Mama akimsemesha Kiswahili, anaelewa lakini hajibu kwa Kiswahili. Evarista alihamia Bellevue, katika nyumba moja ya zamani yenye dari ndefu, iliyogawanywa kwa mbao ikawa vyumba vinane. Chumba cha pili kutoka chake aliishi Angélique, msusi kutoka Uvira, na mwanawe Cédric. Kwa miaka kumi na moja wanawake hao wawili walipika pamoja. Evarista alipofanyiwa upasuaji wa kizazi, ni Angélique aliyemwosha na kumlisha uji wiki tatu nzima, mpaka wateja wake wengine wakahamia saluni nyingine.

Kazi ya Evarista ilikuwa ya kushona, kwenye baraza la duka moja la Jules Street kule Malvern, akishirikiana na fundi Mkongo aitwaye François. François huyo ndiye aliyemwingiza katika mchezo ambao hakuwahi kuusikia maishani.

Ni mpira wa miguu wa Kiaustralia, wanauita futi. Miaka ya nyuma Waaustralia fulani walikuja na mipira yenye umbo la yai, wakafundisha vijana vitongojini, kisha wakaondoka. Mipira ikabaki, na vijana wakabaki. François alikuwa kocha wa Mwewe wa Malvern, klabu ya daraja la pili yenye walinzi, vinyozi na wauza nguo, wengi wao Wakongo na Warundi. Kila upande wa uwanja una nguzo nne zilizosimama kwa safu. Mpira ukipita kati ya zile mbili ndefu za katikati ni goli, pointi sita. Ukipita pembeni, au ukigusa nguzo, ni pointi moja tu. Mwamuzi wa goli husimama nyuma ya nguzo na bendera mbili nyeupe. Goli hupungiwa zote mbili, na pointi moja bendera moja. Sheria ya ligi ilitaka kila klabu ilete mwamuzi mmoja wa goli, na wa Malvern alikuwa amehama mji.

"Mama Nomsa, wewe unatunga uzi kwenye sindano bila miwani," François alimwambia siku moja. "Njoo utusaidie. Ni kusimama na kutazama tu."

"Kusimama na kutazama naweza," Evarista alijibu.

Alisoma sheria Jumamosi mbili katika ukumbi wa kanisa, akafanya mtihani, akafaulu. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Walimpa koti jeupe ambalo alilipunguza mabega mwenyewe. Hakusema kwa mtu, ila Angélique aliona: Jumamosi asubuhi alikuwa akioga mapema na kuimba Kiluguru bafuni. Tangu atoke kwao hakuwahi kuwa mahali ambapo watu hunyamaza kusubiri yeye aseme.

Mwaka jana klabu za daraja la pili ziliandaliwa kombe lao, la mtoano. Klabu nane, ukifungwa mara moja umetoka. Mshindi angepanda daraja la kwanza, na ligi hugharamia viwanja vya daraja la kwanza. Kwa Malvern hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, maana mwenye uwanja wao, nyuma ya kiwanda kilichofungwa, alikwisha kuwaambia kwamba mwezi wa tisa anaugeuza kuwa yadi ya magari mabovu. Wakipanda wangehamia uwanja mwingine. Wasipopanda, basi.

Robo fainali wapinzani walifika pungufu wakakubali kushindwa. Nusu fainali Malvern walishinda kwa pointi mbili, na Cédric, nahodha, alifunga magoli manne. Kijana huyo alikuwa na miaka ishirini na sita. Mchana alilinda lango la duka kubwa, akisimama kwa muda wa saa kumi na mbili, na watu walimpita kama wanavyopita nguzo ya umeme. Uwanjani aliruka juu ya mabega ya wenzake akidaka mpira, na watu waliita jina lake. Angélique, ambaye hakujua sheria hata moja, hakukosa mechi.

"Mungu akitupa hii kombe," alimwambia Evarista walipokuwa wakimenya viazi, "huyu mutoto ataona kama yeye pia ni mutu."

"Atatupa," alisema Evarista.

Fainali ilichezwa Jumamosi ya Agosti, uwanja wa ugenini, nyasi zimekauka rangi ya mkeka, upepo ukileta vumbi la manjano la machimbo. Wapinzani walikuwa Nyuki wa Benoni. Walitangulia, wakafikiwa, wakatangulia tena. Robo ya mwisho ya mchezo Malvern walishambulia upande aliosimama Evarista. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Benoni walikuwa na pointi hamsini na mbili, Malvern arobaini na saba. Mpira ulipigwa juu kutoka katikati. Cédric akaruka, akaudaka, na king'ora cha mwisho kikalia akiwa bado angani.

Katika futi aliyedaka hivyo huruhusiwa kupiga hata muda ukiwa umekwisha. Wachezaji wote wakasimama. Ilibaki miguu ya Cédric, nguzo nne, na yule mama wa koti jeupe.

Cédric alirudi hatua kumi, akakimbia, akapiga. Ulikuwa mpigo mzuri. Mpira uliinuka, upepo ukausukuma kulia, ukapita juu juu kando kabisa ya nguzo ndefu, upande wa ndani, na mashabiki wa Malvern wakaingia uwanjani wakipiga kelele. François alipiga magoti. Angélique alikuwa amefungua kanga akiipeperusha.

Evarista alikuwa ameusikia. Ulikuwa mlio mdogo, tap, kama ukucha kwenye debe tupu. Aliona pia: nguzo ilitikisika kidogo, na mpira ukabadilisha mzunguko. Alikuwa chini yake kabisa. Hapakuwa na mtu mwingine karibu.

Mwamuzi wa kati, mwalimu mmoja wa Lenasia aitwaye Mahmoud, alikuja mbio.

"Mimi nilikuwa mbali, jua machoni," alisema. "Ni goli?"

Evarista aligeuka kutazama uwanjani. Alimwona Angélique na kanga yake. Alimwona Cédric amebebwa juu. Baadaye alisema kwamba kama angeulizwa pole pole, na mtu mwingine, mahali pengine, huenda angeweza kusema ni goli. Lakini Mahmoud aliuliza tena: "Mama, umeona au hukuona?"

"Nimeona," alisema Evarista. "Umegusa nguzo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akanyoosha kidole kimoja, akachukua bendera moja, akaipunga. Hamsini na mbili kwa arobaini na nane.

Ilichukua muda watu kuelewa. Wale waliombeba Cédric walimshusha taratibu. François alikuja, akasimama mbele yake. "Mama Nomsa," alisema, "wewe ni wa kwetu." Akaondoka. Watu wa Benoni walikuja kumshika mkono, wakamwambia yeye ni mtu mwaminifu, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi aliyokuwa akitukanwa nyuma yake kwa Kilingala, Kirundi na Kiswahili.

Walirudi Bellevue kwa magari tofauti. Angélique alikuwa jikoni, akikoroga ugali.

"Mama Cédric," Evarista alianza.

"Haikugusa," alisema Angélique bila kugeuka. "Watu wote banasema haikugusa. Ni wewe peke yako njo uliona."

"Niliona."

"Na kama uliona? Ungefunga macho! Mara moja tu! Mimi sikufunga pua wakati nilikuwa nakuosha?"

Evarista alichukua sahani yake, akatoka. Usiku huo kila mmoja alikula chumbani kwake.

Mwezi wa tisa uwanja wa Malvern ulijaa magari mabovu. Nguzo ziling'olewa, zikauzwa chuma chakavu. Mwewe walifanya mazoezi mara mbili kwenye bustani ya jiji, wakafukuzwa, wakatawanyika. François alimwambia kwa heshima kwamba baraza limekuwa dogo kwa cherehani mbili. Evarista akahamishia yake chumbani, lakini wateja wa Jules Street hawakupanda hadi Bellevue kutafuta mtu wa kupunguza suruali. Ligi ilimpigia simu kumtaka awe mwamuzi daraja la kwanza. Alienda mara moja. Alipofika, alikuta timu moja haikuja, mechi imefutwa, na wasimamizi wawili wamekaa ndani ya gari wakijadili kama kutakuwa na msimu mwingine. Hakuitwa tena.

Cédric ndiye aliyeendelea kumsalimia, kwa sauti ndogo, bila kusimama. Hadi Januari. Siku hiyo alimkuta Evarista anaanika nguo uani, mama yake akiwa saluni. Alikuwa na begi begani.

"Nakwenda Cape Town, Ma," alisema. "Kuna kazi ya ulinzi bandarini. Sijui kama ni ya kweli, lakini nakwenda."

"Mama yako anajua?"

"Anajua. Amelia tangu jana." Alitazama chini, akasugua saruji kwa kiatu. "Mama Nomsa, nilisikia na mimi."

"Ulisikia nini?"

"Ule mpira. Nilisikia ukigusa. Kabla hujanyoosha kidole nilishajua."

Evarista alishika kamba ya kuanikia. "Miezi mitano, Cédric."

"Najua. Lakini Ma, walinibeba. Hakuna mtu aliyewahi kunibeba." Akapandisha begi vizuri. "Usimwambie mama. Yeye anajishikilia kwa hilo, kwamba nilifunga wakaninyang'anya. Ukimwondolea atabaki na nini?"

"Na mimi je?"

Kijana alisogea karibu. Aliinama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili kama afanyavyo mtoto kwa mkubwa, kisha akatoka kwa lango la nyuma.

Hajarudi. Simu yake huita siku nyingine, na siku nyingine haiiti. Angélique amekonda, na wateja wanasema mikono yake imekuwa mizito. Asubuhi wanawake hao hukutana kwenye foleni ya bomba, kila mmoja na ndoo yake. Evarista husalimia. Angélique huitikia, kwa sababu amelelewa vizuri, halafu hugeuka kutazama maji yanavyojaa. Mara mbili tatu Evarista amefungua mdomo aseme aliloambiwa na Cédric. Amemeza maneno, amesubiri zamu yake, amekinga maji, akarudi chumbani.