Nilivyomjengea Mama Dirisha

Nashona mapazia Ruiru, na wateja wangu wengi huja kuchagua kitambaa cha dirisha ambalo halijajengwa. Mtu anakaa chumba kimoja cha kupanga, lakini ananieleza jua litakavyoingia sebuleni kwake saa kumi jioni. Zamani niliwacheka. Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa bingwa wao.

Ploti yangu iko upande wa Kalimoni. Tangu niinunue, nilijenga kichwani zaidi kuliko kwa mawe. Chumba cha mbele kilikuwa cha mama, aliyekaa peke yake Kamenu, Thika. Kila siku nikikanyaga cherehani nilimwona humo, ameketi kando ya dirisha kubwa, shuka magotini, akitazama nje na kutabasamu. Picha hiyo ilinipa raha tele, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Nilishiba shukrani ambazo hazijatolewa, nikajiona binti mwema kabla sijatenda wema wowote. Nadhani ndiyo maana tunapenda kujichorea kesho: kule hatujawahi kumkosea mtu.

Kwetu mzazi huletwa mwanzo, aombee msingi, kisha watu wanywe chai. Mama aliniuliza mara tatu tutaenda lini. Nikamwambia asubiri, nataka aingie nyumba ikiwa imeisha, ashangae. Hakubishana. Alisema tu kwamba hata msingi ni kitu cha kutazama.

Kisha daktari akamwambia ana presha ya macho, na kwamba akishapoteza kuona hakutarudi. Mtu mwenye akili angemchukua kesho yake. Mimi nikakazana na fundi. Jumapili nilizokuwa nikienda kumwona baada ya kanisa, nikawa nashinda ploti nikikagua plasta. Kutoka Ruiru hadi Thika si mbali hata kidogo, lakini miezi ilipita sijakanyaga kwake, nikijiambia kwamba si namjengea yeye? Bado najichukia kwa maneno hayo.

Nyumba iliisha mwaka jana. Nilipomfuata Kamenu nilimkuta akipapasa ukuta, anatafuta mlango wake mwenyewe. Sikujua mambo yamefika hapo. Kwenye simu alikuwa akisema yuko sawa, nami nilipenda kumwamini kwa sababu rangi ilikuwa bado.

Nikamleta nyumba mpya, nikamwingiza chumba cha mbele, nikamketisha kando ya dirisha, pale pale nilipokuwa nimemweka miaka yote. Nikaanza kumweleza: pazia ni la rangi ya maziwa, nimelishona kwa mkono wangu, nje kuna ua wa nyasi. Niliongea haraka, kama muuzaji anayeona mteja anaondoka. Akanishika mkono.

"Hii nyumba naijua, umekuwa ukiniambia kila siku kwenye simu," akasema. "Sasa niambie wewe unakaa aje. Umenona? Umeanza kutoa mvi?"

Nikamwambia mvi zimeanza, hapa mbele, juu ya paji la uso.

"Zilianza lini?"

Sikuwa nimewahi kufikiria. Nikakumbuka fundi akinitania akiwa juu ya ngazi, mikono yake imejaa simiti, kwamba nyumba inanizeesha. Nikamwambia ni wakati ule tulikuwa tunapiga plasta.

Mama akaelekeza uso dirishani.

"Wakati wa plasta," akasema, "mimi nilikuwa bado naona."