Mavyaa na Mitungi Yake Miwili

Nilizaliwa Kipini, ambako maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi hata uji haukuhitaji kutiwa nyingine. Maji matamu tuliyapima kwa kata, na mtoto aliyeyamwaga alichapwa. Kwa hiyo nilipoposwa na mkulima wa juu ya mto, kupita Garsen, mashoga zangu walinionea wivu, nami nikajiona. Siku zote za safari ya mtumbwi nilikuwa nikijiambia: huko nitaoga mpaka nichuje rangi.

Kumbe maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ukisimama mlangoni kwa mume wangu uliuona mto, mpana, mwekundu kwa udongo, unapita bila kumuuliza mtu. Lakini ndani ya nyumba mlikuwa na mitungi miwili tu, na mlinzi wake alikuwa mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye masikio yaliyosikia tone likianguka hata akiwa uani anatwanga.

Mavyaa alioga kwa kata mbili. Nilimchungulia mara moja nikidhani anadanganya. Hakudanganya, na alitoka anang'aa kuliko mimi. Maji ya kuoshea mchele walikunywa kuku. Ya kunawia mikono yalikwenda kwenye shina la mboga. Vyungu vilisuguliwa kwa jivu na majani makavu kwanza, maji yakaja mwisho, tena kidogo. Ya kutawadha alinipimia mwenyewe, kisha akasimama kutazama kama natawadha au nachezea.

"Mwali, maji hii si ya mto," alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake cha Kipokomo. "Maji hii ni ya miguu."

Sikumwelewa, wala sikutaka. Nilimwambia mume wangu kwamba mamake ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akifanya uchoyo wa mto. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mzoee tu," akasema.

Sababu nusu niliijua, maana kila mtu aliijua: mamba. Wanawake walikwenda kuteka mara moja kwa siku, asubuhi, wote pamoja, jua likiwa limepanda. Wanaume walikuwa wamechimbia miti ndani ya maji, bega kwa bega, ikazunguka mahali petu pa kutekea, na kila mafuriko yalipoing'oa waliichimbia upya. Wafugaji walinywesha ng'ombe wao mbali, kwenye njia yao, kwa mapatano ya wazee, kwa sababu harufu ya ng'ombe huita mamba. Na juu ya hayo yote hakuna aliyetia mguu majini. Tulisimama ukingoni tukateka kwa kibuyu kilichofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu, huku wawili wetu wakipiga maji kwa fimbo. Kila nyumba ilichukua mitungi miwili. Aliyemaliza yake kabla ya kesho aliazima kwa jirani, na mke aliyeazima maji alisemwa mpaka mwezi uandame.

Nililijua hilo kama mtu anavyojua bei ya kitu asichonunua. Kwetu tulikunywa kisima. Mamba tulimwona akiota jua ng'ambo, tukampigia kelele, basi.

Mwaka wa pili mama yangu alikuja kunitazama. Mafuriko yalikuwa yamepita karibuni, ule uzio wa miti umekwenda na maji, na wanaume walikuwa msituni wanakata mingine. Nami nilitaka jambo moja tu: mama aone kwamba hakunitupa. Mavyaa alipokwenda shambani nilimkalisha mama uani, nikamwosha nywele, nikamwosha miguu, nikamfulia merekani yake yote, halafu nami nikaoga.

"Mwanangu, mai yote haya?" mama akasema. "Huogopi?"

"Mama, tuko mtoni," nikamjibu, nikamimina tena.

Ile furaha bado naikumbuka na siionei haya. Haya nayaonea yaliyofuata.

Mavyaa alirudi alasiri na mkungu wa ndizi. Alimsalimu mgeni wake, akamuuliza safari, kisha akainama kwenye mtungi wa kwanza, akainama kwenye wa pili. Nikajikunyata kuungoja ulimi wake. Alinitazama mara moja tu, akamgeukia mama yangu akitabasamu, akamwambia apumzike, uji utakuja, na maji ya Magharibi yatakuja. Nikadhani ataazima kwa jirani. Nikakaa na mama kupiga soga.

Jua lilikuwa linashuka nilipoinua macho nikaona ule ufito mrefu haupo mahali pake chini ya paa. Nikatoka. Jirani aliyekuwa anarudi na kuni akaniambia amempita mavyaa kwenye njia ya mtoni, peke yake, na mtungi kichwani. Nikakimbia. Sijapata kukimbia vile tena, na nilikimbia kwa hasira, namtukana moyoni yeye na mimi kwa zamu.

Nilimkuta ameketi kwenye mteremko, pale palipokuwa na uzio, anajivuta kinyumenyume kwa viganja. Ufito ulikuwa umekatika, kibuyu hakipo, na maji mbele yake bado yalikuwa yanayumba. Nikamshika kwapani nikamburura kupanda ukingo.

"Mtungi!" akanifokea. "Mtungi kwanza, we mwali!"

Nilimfikisha juu ndipo nikarudi kuuchukua, mkono mmoja umeshika majani. Ulikuwa umejaa nusu.

Tulikaa njiani, mtungi katikati yetu. Nikamuuliza kwa nini hakuazima.

"Mama yako angesikia," akasema. "Angesema binti yake hajui nyumba."

Kisha, bila kunitazama, akaniambia kwamba kabla ya kumzaa mume wangu alikuwa na binti. Siku moja walikuja wageni, maji ya asubuhi yakaisha. "Mimi nikamtuma mara ya pili," akasema. Aliishia hapo. Mimi ndiye niliyelia, nikamwangukia shingoni, nikamwomba radhi mpaka akaniambia ninyamaze, uji bado haujapikwa.

Mama yangu aliambiwa kwamba kibuyu kilinasa kwenye gogo. Alipokuwa anaondoka alinisifia mavyaa wangu, kwamba ni mtu mpole. Nikaitikia.

Tangu siku ile nilimpita mwalimu wangu. Nilijifunza kuoga kwa kata mbili, nikamaliza kwa moja na nusu. Mabibi harusi wa kijiji kizima waliniogopa, na mavyaa alikuwa akicheka pembeni akisikia nawaambia wanangu maneno yake kwa sauti yake. Nilimpenda mwanamke yule. Tuligombana kila siku ya Mungu na nilimpenda.

Alikufa miaka mingi baadaye, kitandani, kwa homa, asubuhi, wanawake wakiwa wamekwisha kuteka maji ya siku. Mitungi yetu miwili isingetosha kumwosha, na sikumwomba mtu. Walikuja wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtungi wa nyumba yake, wakaipanga mlangoni, wakakaa. Siku hiyo hakuna aliyepika. Kijiji kilikula ndizi za kuchoma.

Nilimwosha mimi, pamoja na jirani aliyenishikia. Nilimmiminia kata baada ya kata, bila kupima, na kwa kila kata nilingoja anigombeze.