Tulivyomsindikiza Mama Aline Kwenye Ndege Isiyo na Injini

Safari hii ilianza kwa sababu ya woga wa mtu mmoja. Mama Aline, Mrundi, jirani yangu wa ghorofa ya nne hapa Alby, kitongoji cha Stockholm, Uswidi, ana mama mzazi Bujumbura ambaye hakuwa amemwona tangu alipokimbia vita. Mara mbili alikwisha kufika uwanja wa ndege wa Stockholm na tiketi mkononi, akageukia mlangoni akarudi nyumbani. Tiketi ya tatu ilikuwa ya Alhamisi. Bibi yule ni mzee sana, na kila Jumapili kwenye simu alikuwa akiuliza jambo moja tu: unakuja lini? Sote tulijua kwamba mwanawe akigeuka tena, huenda wasionane kabisa.

Mimi ni mtu wa Kigoma, ninaendesha basi huku, na nikipata wazo silali. Nilikuwa nimesikia kwamba nje ya jiji kuna jumba kubwa la makumbusho ya ndege na vyombo vya anga za juu, na ndani yake ndege ya abiria ya zamani ambayo mtu anaruhusiwa kupanda na kukaa. Nikasema Jumamosi nimpeleke Mama Aline akakalie kiti, afunge mkanda, azoee. Kosa langu ni moja. Nilimpigia simu Mchungaji Bahati wa kanisa letu, Mkongomani wa Uvira, nikamwambia, “Jumamosi Mama Aline anapanda ndege, mumwombee.”

Saa mbili asubuhi, kituo cha treni cha Alby. Nilimkuta Mama Aline na binti yake Aline, na nyuma yao karibu kanisa zima, wamevaa nguo za Jumapili, kila mmoja na mfuko wake. Mnajua kwetu mtu hasafiri peke yake. Husindikizwa, na hupewa mizigo ya watu. Mchungaji alikuwa amekalia sanduku.

“Mchungaji, hivi ni vitu gani?”

“Ni bagages, kaka. Hii ni dawa ya tantine, shangazi yangu, na hii ni viatu ya batoto wa Uvira. Kutoka Buja mpaka Uvira ni karibu tu.”

“Lakini hasafiri leo! Tunakwenda makumbusho.”

“Si ulisema anapanda ndege?”

“Anapanda, lakini haiendi popote.”

Alinitazama kwa huruma. “Kaka, usimutie mama woga. Sisi tuko na imani.”

Aline, aliyezaliwa hapa, alishika kichwa. “Men mamma, planet har ingen motor!” Yaani ndege yenyewe haina injini.

“Ndiyo maana nimekubali kuipanda,” mama yake akajibu, akaingia kwenye treni.

Saa nne tulishuka basi mbele ya jumba. Ni kubwa kiasi kwamba ndege kumi zimeegeshwa ndani na nafasi imebaki. Tulipokewa na mzee mmoja Mswidi, Lennart, fundi wa ndege aliyestaafu anayejitolea kuwatembeza wageni. Alituonyesha vazi la wanaanga na chombo kidogo kilichoungua upande wa chini. Akaeleza kwamba mtu alikaa humo peke yake, akaizunguka dunia. Nikatafsiri.

Mama Aline alichungulia kwenye kidirisha. “Alisindikizwa na nani?”

Lennart alifikiri. “Mafundi, labda.”

“Na mama yake alikuwa anajua?”

Lennart alikiri kwamba katika miaka yote ya kazi yake hajawahi kuulizwa hilo. Akaliandika kwenye daftari lake.

Saa tano tulifika kwenye ndege yenyewe, nyeupe, ngazi imesimamishwa mlangoni. Nilidhani Lennart atakataa mizigo na mambo yaishe. Wapi! Alitutazama, akatazama masanduku, macho yakamng'aa. Pembeni palikuwa na mizani ya zamani ya kupimia mizigo. Akaweka sanduku la Mchungaji.

“Kilo thelathini na moja,” akasema. “Zimezidi.”

“Lakini ndege hairuki,” nikamwambia.

“Hata hivyo, zimezidi.”

Basi masanduku yakafunguliwa sakafuni, palepale chini ya bawa, na ugomvi ukaanza wa mzigo wa nani upungue. Mchungaji aliapa viatu havitoki. Dada mmoja wa kwaya, Mama Neema, alitoa sufuria yake huku akilia. Familia moja ya Kiswidi ilisimama kutazama, nafikiri wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mimi nilikuwa nimechoka na nimekasirika, lakini nilijikuta nami nakunja nguo za watu ili zienee.

Lennart aliruhusu watu kumi tu kupanda. Wengine wakabaki chini ya ngazi wakiimba wimbo wa kuaga. Mama Aline alikaa dirishani, akafunga macho, akashika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Lennart akaingia chumba cha rubani, akatangaza kwa Kiswidi kwamba tunaondoka. Mchungaji akaomba kwa muda mrefu hadi Lennart akatangaza tena kwamba tumechelewa. Nikagawa sambusa nilizobeba kwenye mfuko. Nusu saa nzima watu wazima walikaa kimya na mikanda imefungwa, ndani ya ndege iliyoko ndani ya nyumba.

“Tumetua,” Lennart akasema. Watu wakapiga makofi.

Mama Aline alifungua macho, akashuka ngazi polepole. Wale wa chini, bila kuambiwa na mtu, wakaacha wimbo wa kuaga wakaanza wa kupokea. Mama Neema akamkumbatia. “Karibu nyumbani, dada. Pole na safari.”

Mama Aline akawatazama mmoja mmoja, uso kwa uso.

“Mama yuko wapi?” akauliza.

Wimbo ukakatika. Watu wakatazama chini.

Alikaa kwenye ngazi ya mwisho. “Mnaona?” akasema. “Ndege haijanitisha hata siku moja. Mimi naogopa kushuka. Naogopa kuuliza hivyo, na watu watazame chini kama ninyi sasa.”

Niliona aibu. Miezi yote ile nilikuwa nikimweleza habari za injini na mabawa, kumbe sikuwahi kumuuliza anaogopa nini.

Aline ndiye aliyetoa simu akapiga Bujumbura, akaweka spika. Bibi alipopokea, Mama Aline alimweleza yote kwa Kirundi, na Mchungaji akamtafsiria Aline kwa kunong'ona; mimi wa Kigoma Kirundi nakielewa kiasi. Bibi akasema, “Wewe unaogopa kufika usinikute. Mimi kila asubuhi naamka, sikukuti.”

Saa tisa tulikuwa kwenye treni kurudi Alby, na mizigo yote. Mama Aline alimwomba Mama Neema ile sufuria, akaiweka katika sanduku lake mwenyewe.

Alhamisi alikataza watu kumsindikiza. Nilimpeleka mimi na binti yake tu, nikabaki nje na toroli. Hakusimama mlangoni, wala hakutuaga vizuri. Sikuona ubaya.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimechelewa kukijifunza: kabla hujamtibu mtu woga wake, muulize ni woga wa nini. Mengine, ya vyombo vya anga, Lennart anayajua.

Ijumaa mchana simu yangu ililia, namba ya Bujumbura. Nikasema “Haloo” mara tatu, hakuna aliyenijibu. Niliwasikia wanawake wawili tu, mmoja mzee sana, wakigombana ni nani kati yao amekonda zaidi. Walikuwa wamenisahau kabisa, nami sikukata simu.