Sauti Niliyompelekea Baba Ruiru

Nilitoka Kisumu kwa sababu moja: albamu yangu mpya ilikuwa imekamilika, na sikutaka mtu yeyote aisikie kabla ya Baba. Mnaonifahamu hapa nyumbani mtacheka, kwa kuwa Baba hasikii. Masikio yake yaliliwa na mashine za kufuma za kiwanda kimoja cha nguo huko Thika, alikoajiriwa akiwa kijana aliyefika kutoka Vihiga na koti la kuazima, akastaafu huko huko na mvi zake. Mimi nami hutengeneza muziki kwa kompyuta, ule wa midundo mizito usio na gitaa wala kwaya, na kwa muda mrefu nilijiapiza kwamba siku moja nitatengeneza albamu nzima kwa mlio wa mashine kama zile. Nikaitengeneza. Nikaiita Zamu ya Asava, kwa jina lake. Nilitaka nimketishe karibu na spika kubwa, besi impige kifuani, na mzee aliyeishi kwenye kimya miaka yote hiyo arudishiwe ujana wake na mwanawe. Ndivyo nilivyojidanganya, na nilijidanganya kwa moyo mkunjufu.

Ijumaa asubuhi nilipakia spika mbili na sanduku la besi nyuma ya gari, nikazifunga kwa blanketi kama wagonjwa. Kericho kulinyesha. Mbele ya Nakuru polisi akanisimamisha, akachungulia dirishani.

"Hii mizigo unapeleka harusi ama matanga?"

"Napelekea baba yangu muziki, afande."

Akaniangalia, kisha akanirudishia leseni. "Huyo mzee ako na bahati. Mimi watoto wangu hawanipigiangi hata simu. Haya, enda pole pole."

Kichwa kikavimba. Njia yote hadi Naivasha nilikuwa nikiyarudia maneno yale kwa sauti, peke yangu.

Nililala Naivasha. Jumamosi nilipita Ruiru, anakoishi Baba, bila kusimama, nikaenda kwanza Thika. Nilikuwa na deni la heshima kwa Njoroge, fundi wa mashine za kufuma katika Eneo la Viwanda, ambaye miaka miwili iliyopita aliniombea ruhusa kwa wakubwa wake ili niingie na maikrofoni. Tulikutana nje ya geti akitoka zamu, nyuzi za pamba zimemshika kwenye nyusi. Nilimpa hedifoni. Akasikiliza, akaanza kutikisa bega moja, halafu yote mawili, mpaka walinzi wakaja kutazama.

"Haiya! Davi, hii ni mashine zetu kweli? Si umezifunza kukatika kiuno!"

"Ni zenyewe. Kesho Baba atazisikia."

Njoroge akavua hedifoni. Shingoni mwake kulining'inia vile vizibo vya masikio vya mpira, vimefungwa kwa uzi.

"Siku za mzee hakukuwa na hizi," akasema akivishika. "Walikuwa wanaweka pamba tu. Wengine hata pamba hawaweki. Msalimie sana. Lakini si umuulize kwanza kama anataka?"

Nikacheka. Nikamwambia zawadi haiulizwi. Nikaondoka kwa haraka kwa sababu jua lilikuwa linazama na nilitaka picha ya kiwanda kwa ajili ya jalada la albamu.

Jumapili, Gitothua, mtaa wa hapo Ruiru. Baba anaishi hapo na dada yangu Agneta tangu Mama alipofariki. Waliporudi kanisani nilikuwa nimeshapanga spika sebuleni, na Agneta akaniambia nimeigeuza nyumba yake kuwa klabu siku ya Bwana. Hata hivyo alikuwa amepika kuku na mrenda, na alikuwa amemwalika jirani yake, Mama Shiro, ambaye hakuja mikono mitupu, alikuja na chapati. Baba alikuwa ndani ya suti yake ya kanisani. Nyumbani kwetu mtu humkabili Baba usoni, akazungumza polepole, naye husoma midomo. Alinisalimu "Mulembe" kwa sauti yake ile kubwa, akanishika mkono kwa muda mrefu. Nilimwelekeza kwenye kiti kilichokuwa karibu na sanduku la besi, nikauweka mkono wake juu ya sanduku hilo.

"Baba, nimekuletea kitu. Kimepewa jina lako."

Nikaanzisha wimbo wa kwanza.

Mwanzoni hakujongea. Vidole vyake vililala juu ya lile sanduku. Nikaongeza sauti. Akafumba macho, na mimi, mjinga, nikaona machozi ya furaha yanakuja. Nikaongeza tena. Vikombe vikaanza kutetema kabatini.

"Wooi, hii itabomolea watu nyumba!" Mama Shiro alipiga kelele, akicheka na kupiga makofi.

Baba akaondoa mkono. Akanyanyuka, akaufungua mlango wa nyuma, akatoka. Agneta akazima. Nilimfuata nikidhani anataka kulia faraghani kama wazee wafanyavyo.

Alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, akiangalia kuku. Nikazunguka ili anione mdomo.

"Hiyo ni kiwanda," akasema.

"Ndiyo, Baba. Mashine kama zile zako."

"Ulienda mpaka ndani ukaishika?"

"Nilienda. Nimeifanyia kazi miaka miwili."

Akagusa sikio lake kwa kidole, taratibu. "Mimi iko hapa. Haijawahi kuzima. Jana nililala nayo. Leo pastor anaomba, na yenyewe inaenda tu, inaenda tu."

Sikuelewa haraka. "Lakini Baba, wewe si husikii?"

"Watu ndio sisikii. Mashine nasikia." Hakulisema kwa hasira. Afadhali angekasirika. "Nyinyi mnasema niko kwa kimya. Kimya niliwacha Vihiga."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata siku moja. Akasema Mama alijua, na alidhani Mama alituambia. Mama naye labda alidhani tunaona. Miaka miwili nilikuwa nimejifungia chumbani nikiisafisha sauti ile, nikiinoa, nikiiongezea uzito, ile ile aliyokuwa akimwomba Mungu aiondoe. Kisha nikaibeba kwa blanketi, nikamwekea kifuani siku ya Jumapili. Niliona aibu hata kumtazama.

"Nitaifuta yote," nikasema. "Leo leo."

"Usifute. Hiyo ni jasho yako, na vijana watacheza. Toa tu jina yangu."

"Sawa, Baba."

Kuku mmoja akaja kudonoa kamba ya kiatu chake. Akamsukuma kwa mguu, kisha akanigeukia.

"Wewe si ndio mtu wa kushika sauti?"

"Ndiyo."

"Uko na ya mama yako? Ile alikuwa ananiita nayo akiwa mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa inapita juu ya hii kelele. Hata nikiwa nimechoka namna gani, hiyo nilikuwa naipata kidogo. Sasa nikitaka kuikumbuka, mashine inafunika."

"Lakini hata nikiipata, Baba, hutaweza kuisikia."

"Wewe utasikia. Mimi nitakaa hapo nikuangalie uso."

Nilimwahidi kuwa nitaitafuta.

Jumatatu asubuhi niliaga. Agneta alinisaidia kubeba spika, na nikamuuliza kama ana sauti ya Mama kwenye simu yake. Akasimama katikati ya ua na ule mzigo.

"Mama alikuwa anaimba jikoni kule Thika kila siku, Davi. Nani hurekodi mama yake akiimba jikoni? Mimi nilijua wewe unayo. Si wewe ndiye fundi?"

Baba alinisindikiza hadi barabarani. Alipiga paa la gari mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayemruhusu ng'ombe, nikaondoka. Naivasha, Nakuru, Kericho, sina la kuwasimulia. Nilipita miji hiyo nikiipekua kichwani kila faili niliyowahi kuhifadhi.

Sasa niko nyumbani Kisumu. Albamu itatoka bila jina la mtu, na wanaoniuliza inamhusu nani nawaambia inahusu mashine. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami nilizunguka nchi nikiuliza vyuma vinaliaje bila kumuuliza baba yangu mzazi anasikia nini. Hilo ndilo nililorudi nalo, na sikulipata kwa bei nafuu.

Kuhusu ile ahadi, nimetafuta. Nina treni, nina vyura wa ziwani, nina milango ya mabanda, nina mashine za kufuma za kutosha kujaza ukumbi. Mama nimempata mahali pamoja tu. Ni rekodi ya zamani ya mvua juu ya mabati ya nyumba yetu ya Thika, nilipokuwa nimenunua maikrofoni yangu ya kwanza. Karibu na mwisho mlango unafunguka, kandambili zinaingia, na mtu anavuta pumzi aanze kusema. Halafu inakuja sauti yangu, kali: "Shh! Mama, narekodi." Kandambili zinasimama kidogo, zinarudi nyuma hatua moja moja, na mlango unafungwa polepole sana ili usiniharibie. Kisha ni mvua tu hadi mwisho, safi kabisa.

Agneta ameniandikia kwamba kila Jumapili Baba anaweka viti viwili vikitazamana.