Faili la Kiswahili la Sista Restuta

Gari la wilaya lilifika zahanati siku ya Jumanne saa nne asubuhi, bila taarifa. Sista Restuta Ngwale alipoona milango inavyofunguliwa kwa haraka, alijua halikuja kwa heri. Alishuka Daktari Dismas, mratibu wa afya ya mama na mtoto, na nyuma yake dereva akishusha maboksi mawili ya dawa.

Daktari hakusalimia. "Sista, wamama kumi na tisa wana maambukizi kwenye kituo chako, mwezi mzima, na wewe hujapiga hata simu?"

Aliyasema hayo mbele ya benchi lililojaa wajawazito. Wakatazamana. Mmoja akavuta khanga yake akajifunika tumbo.

Restuta alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alizaliwa Milola, akasomea ukunga, akaolewa na Valentini, mkulima wa machungwa, na kwa ajili yake akapanda huku kwenye vilima vya Matumbi, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Kipatimu. Miaka kumi na saba alikuwa amezalisha watoto katika zahanati hii hii. Watu walimjua kwa mikono isiyotetemeka na kwa kutovumilia neno lililokaa vibaya. Alikuwa akikuta tangazo ukutani limekosewa, analibandua, analiandika upya na kulibandika tena kabla hajavaa glavu. Kuambiwa mbele ya wagonjwa wake kwamba alikalia ugonjwa kimya kulimchoma hasa.

"Daktari," alisema, "sina mama hata mmoja mwenye maambukizi. Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Umejaza kwenye kishikwambi."

Basi hapo Restuta akakaa chini, maana shida yake na kile kishikwambi ilikuwa ndefu.

Vishikwambi vilikuwa vimekuja miezi mitatu nyuma, vikiletwa na mradi mmoja wa Dar es Salaam. Kijana aitwaye Edwin, fundi wa programu, aliwafundisha manesi kwa siku moja, akawaachia namba yake ya simu, akaondoka. Programu ilikuwa imetengenezwa kwa Kiingereza kisha ikavalishwa Kiswahili, na vazi lenyewe lilipwaya kila mahali. Ilimtaka nesi amuulize mjamzito, "Kipindi chako cha mwisho kilikuwa lini?" Mama mmoja alijibu kwamba redio yake imeharibika tangu masika. Ilimtaka amuulize aliyekuja kujifungua, "Kazi ilianza saa ngapi?" na yule mama, katikati ya uchungu, akasema leo hakwenda shamba.

Hayo Restuta aliyacheka, akawa anauliza kwa maneno yake. Lililomkasirisha ni ujumbe wa simu. Programu iliwatumia wamama kwamba kliniki yao ni Alhamisi saa 8:00, nao wakaja saa nane mchana, jua la utosi, wakati mpimaji wa damu aliyetoka Kipatimu asubuhi ameshaondoka na vifaa vyake. Mwanaasha, binti wa kitongoji cha ng'ambo ya mlima, alikuwa na mimba ya miezi saba na alitembea njia nzima. Restuta alimpa maji, akampigia Edwin.

"Mama, saa iko sahihi," Edwin alisema. "Saa nane kamili asubuhi."

"Saa nane asubuhi? Wewe umezaliwa wapi?"

"Singida, mama."

"Na huko Singida saa nane ni asubuhi?"

"Hapana, mama. Ni mchana. Nitaliangalia." Lakini wiki zikapita, na tangu siku hiyo Restuta akawa anaandika kila kosa analoliona kwenye daftari la kurasa mia.

Sasa alikuwa ameketi mbele ya Daktari Dismas, na daftari liko mezani. Hakulifungua, maana kosa aliloanza kulishuku halikuwamo: swali moja ambalo kwa kila mama alijaza Ndiyo. Alichukua kishikwambi, akampa.

"Daktari, tufanye wewe ndiye nesi na mimi ndiye mama. Umeshanipima, niko mzima, naenda zangu nyumbani. Jaza."

Daktari akajaza. Shinikizo la damu, uzito, mapigo ya mtoto. Akafika kwenye swali lililoandikwa kwa neno moja tu: "Ameruhusiwa?" Akabofya Ndiyo bila kufikiri.

"Umeniruhusu niende nyumbani?"

"Si umesema unaenda?"

"Haya, sasa igeuze iwe Kiingereza, usome swali hilo hilo."

Daktari akageuza. Swali likasomeka "Discharge?" na juu yake, kwa herufi nyekundu ambazo kwa Kiswahili zilijificha nyuma ya neno refu, kulikuwa na kichwa cha habari kuhusu dalili za hatari. Akasoma mara mbili.

"Neno hilo kwa Kiingereza lina maana mbili," Restuta alisema. "Mgonjwa kuruhusiwa, na uchafu kumtoka ukeni, dalili ya maambukizi. Aliyetafsiri kaiona moja. Mimi kila mama niliyemruhusu nimemwandika anatokwa na uchafu, na nyinyi mkaona mlipuko."

Daktari Dismas akakiweka kishikwambi mezani polepole. Akageukia benchi. "Wamama, hamna ugonjwa wowote. Kosa ni la mashine, wala si la nesi wenu." Kisha akamwambia Restuta, kwa sauti ile ile ya kusikika na wote, "Nisamehe, sista. Nilikuja kwa pupa."

"Nimeshakusamehe. Ila dawa ziache, hatuna za kutosha."

Siku nne baadaye Edwin mwenyewe akafika, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, kompyuta yake kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii safari ungeifanya miezi mitatu nyuma."

"Kweli, mama. Nimekosa."

Restuta alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake akajikuta anasikiliza, kwa sababu Edwin alifungua kompyuta na kumwonyesha kitu ambacho hakuwahi kukiwazia. Maneno ya programu hayakuwa yamechomelewa ndani ya mashine. Yalikaa pembeni, kwenye faili lake peke yake, mstari baada ya mstari. Kushoto kulikuwa na jina ambalo mashine hulitumia kuita, kulia maneno anayoyaona mtu. Kiingereza kilikuwa na faili lake, Kiswahili lake. Ukibadilisha maneno ya kulia, muda si mrefu kila kishikwambi chenye mtandao kinasema maneno mapya, na hakuna kingine kinachoguswa. Mashine ikishindwa kulisoma faili la Kiswahili, hurudi kwenye Kiingereza.

"Kwa hiyo lile neno limekosewa mstari mmoja tu?" Restuta aliuliza.

"Mmoja. Tuliutumia sehemu mbili kwa sababu kwa Kiingereza linafanana."

"Na mistari yote ni mingapi?"

"Elfu moja mia moja na arobaini."

Restuta akalisogeza daftari lake katikati ya meza. "Tuanze na wa kwanza."

Kazi hiyo ilichukua wiki tano. Edwin alikaa vilimani siku tatu, kisha wakaendelea kwa simu. Kila siku kliniki ikiisha, saa nane hivi, Restuta alivuta kiti kwenye dirisha linalopata mtandao. Kipindi kikawa hedhi. Kazi ikawa uchungu. Saa zikapata asubuhi yake na mchana wake, na Edwin akaandika hesabu ndogo ya kutoa saa sita ili mashine ihesabu kama watu wanavyohesabu. Kila mstari ulioandikwa upya Restuta aliupeleka kwenye benchi. Aliwasomea wamama, kisha aliwauliza, "Mmesikia nini?" Wakisema walichosikia ni kile alichokusudia, mstari ulipita. Wakisita, aliufuta. Mwanaasha, ambaye sasa alikuwa ameshajifungua na alikuja na mwanawe kwa chanjo, alikuwa mkali kuliko wote. Restuta alipomsomea "kupasuka kwa utando," alikunja uso.

"Nesi, si useme tu chupa imepasuka?"

Ikaandikwa chupa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya neno moja dogo. Programu ilikuwa na mstari mmoja wa "mpya" uliobandikwa kila mahali: mama mpya, kitanda mpya, jina mpya.

"Edwin, huyu ni mama mpya. Lakini kitanda ni kipya, na jina ni jipya. Nipe mistari sita."

"Mama, hapo lazima nifungue programu yenyewe. Wakubwa wamesema tusiiguse tena, uzinduzi wa Kiswahili kipya umekaribia."

"Wewe mwenyewe nyumbani kwako unasema kitanda mpya?"

"Sisemi."

"Basi kwa nini unataka mimi nimwambie mgonjwa wangu?"

Siku mbili Edwin hakupiga simu. Restuta akadhani ameshindwa, akaumia, maana alikuwa ameanza kumpenda kijana yule. Siku ya tatu ukaja ujumbe: "Mistari sita iko tayari, mama. Nimepata pia kumi na moja mingine iliyokuwa na tatizo hilo hilo."

Uzinduzi ukapangwa Kilwa Masoko, ukumbini, manesi wa wilaya nzima wakaalikwa. Restuta alishuka siku moja kabla. Asubuhi ya uzinduzi, wakinywa chai, alimwambia Edwin kwamba swali la miguu kuvimba bado halijamridhisha. Wamama wote wa vilimani wanavimba miguu kidogo kwa kutembea. Alitaka swali litofautishe uvimbe wa safari na uvimbe wa hatari, na alikuwa amelitunga njiani: "Miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa?" Edwin alilipenda. Akalichapa pale pale, kikombe mkononi, akalituma.

Saa tatu na nusu ukumbi ulikuwa umejaa. Daktari Dismas akafungua mkutano, Edwin akawasha mashine ya kutupa picha ukutani, manesi themanini wakawasha vishikwambi vyao. Ukutani kikatokea Kiingereza. Edwin akabofya Kiswahili. Kiingereza. Akazima, akawasha. Kiingereza kitupu, kwenye kila kioo ukumbini. Minong'ono ikaanza, na nesi mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Si mlituambia ya Kiswahili?"

Jasho lilimtoka Edwin mpaka shati likagandana na mgongo. "Jana ilikuwa inafanya kazi," alisema, akipekua huku na huku. "Jana ilikuwa inafanya kazi."

Restuta aliinuka kwenye kiti chake, akapita kati ya safu za manesi mpaka mbele. Hakuwa na haraka. Ndivyo alivyokuwa pia mama akianza kupoteza damu: kadiri wengine walivyopapatika, yeye alitulia.

"Edwin. Mashine ikirudi kwenye Kiingereza, maana yake imeshindwa kulisoma faili langu. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Ndivyo, mama."

"Basi kilichobadilika tangu jana ni nini?"

Edwin akamtazama. "Ngozi," alisema.

"Fungua."

Mstari ukatokea ukutani, mkubwa, watu wote wakiuona. Restuta akausogelea. Aliona kila neno la kulia katika faili limefungwa kati ya alama mbili ndogo kama kope, moja mwanzo, moja mwisho. Akaona kwenye "inang'aa" alama ile ile imesimama katikati.

"Hii hapa," alisema, akiigusa ukutani kwa kidole. "Mashine inadhani maneno yameishia kwenye *inang*. Haijui ng' yetu. Kilichobaki imekiona takataka, ikalitupa faili zima."

Edwin akajishika kichwa. "Mama! Nimechapa nikiwa nakunywa chai!" Akaweka mkwaju, kile kimstari cha mshazari, ulioinama kinyume, mbele ya ile alama, ili mashine ijue kuwa ni sehemu ya neno. Akatuma.

Kisha nesi wa nyuma, yule yule aliyelalamika, akapiga kelele, "Imekuja! Yangu imekuja!" Na vioo vikaanza kubadilika safu kwa safu. Hedhi. Uchungu. Chupa. Kitanda kipya. Nesi mmoja wa pwani alisoma kwa sauti, "Miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa?" akasimama kabisa. "Jamani, nani kaandika hili? Hivi ndivyo ninavyouliza mimi!"

Daktari Dismas akanyoosha mkono kumwelekea Restuta. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka nje, na wapita njia wakachungulia madirishani wakidhani kuna harusi. Restuta alisimama pale mbele, amejazwa na furaha ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka, mpaka akajikuta anacheka na machozi yanamtoka pamoja.

Tangu siku hiyo mradi ukaweka sharti, likaandikwa rasmi: hakuna mstari wa Kiswahili unaobadilishwa mpaka Sista Restuta aseme ndiyo. Amesema hapana mara nyingi. Jina lake limeandikwa juu kabisa ya faili, kama mtunzaji.

Aliporudi nyumbani, Valentini aliacha machungwa yake kwenye matenga, akanawa mikono, akaomba aonyeshwe.

"Yako wapi hayo maneno yako?"

Restuta akamfungulia. Valentini, aliyesoma mpaka darasa la saba na hapendi kuharakishwa, akavaa miwani, akakaa kwenye kiti barazani, akaanza kusoma kwa sauti kutoka mstari wa kwanza. Alipofika wa arobaini mkewe alimwambia inatosha.

"Haitoshi," alisema Valentini, akageuza kioo kikae vizuri kwenye mwanga. "Bado elfu moja na mia."