Mama Poda alivyofunga vifaa vilivyomtoa kazini

Asubuhi, uwanja ukiwa mtupu na shabaha bado zimefunikwa maturubai, mwanamke mmoja amekaa nyuma ya banda la mabati akipaka mshale poda ya watoto. Anatumia brashi ya rangi ya kucha. Anayapitia taratibu manyoya matatu ya mwishoni mwa mshale, kisha anapaka na kiegemeo, yaani ile sehemu ya upinde ambayo mshale hulala kabla haujaachiwa.

Anasimama, anavuta upinde, anaachia. Mshale unajikita kwenye gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu, hatua chache mbele yake. Anaufuata, anauchomoa, anauinua kwenye mwanga na kuuzungusha. Poda iko vilevile alivyoipaka.

“Safi,” anasema. Lakini uso wake hauna dalili yoyote ya kufurahi, na ana haki. Akimaliza pinde zilizobaki, kazi aliyoifanya tangu ujana wake itakuwa imekwisha.

Wapiga mishale wa klabu hii wanamwita Mama Poda, na hawajachoka kumtania. “Leo unampamba nani, Mama Poda? Bwana harusi yuko wapi?” Naye ana jibu lake la siku zote: “Nampamba mshale wako, maana wewe hata nikupambe vipi hupendezi.” Watu wanacheka, naye anainama tena kwenye kazi.

Manyoya yenyewe siku hizi ni ya plastiki, ila jina limeng'ang'ania. Yakiwa mazima, mshale unanyooka. Tatizo ni kwamba mshale ukitoka, manyoya yanapita juu ya kiegemeo kwa kasi, na lile la chini likikigusa linakwaruzwa. Mara ya kwanza huoni kitu. Baada ya muda ukingo unachakaa, nyoya linabanduka, na mshale unaanza kwenda unakotaka wenyewe.

Hapo ndipo alipokuwa anaingia yeye. Poda ikifutika upande mmoja, anajua nyoya limegusa hapo. Anazungusha kidogo kile kishikizo cha nyuma kinachobana kwenye uzi wa upinde ili manyoya yapate nafasi ya kupita, au anashusha kiegemeo. Yaliyokwisha kuchanika anayakwangua na kubandika mapya.

Sasa sikia maajabu ya mkataba wake. Klabu inamlipa kwa kila nyoya analobandika. Kuzuia lisichanike hakuna malipo, hiyo ni hisani yake. Maana yake kila alipoifanya kazi vizuri, alijipunguzia riziki mwenyewe.

“Nilishazoea,” anasema. “Pinde zilikuwa nyingi, na watu wana mikono mizito. Hata nikizuia namna gani, mengine yangechanika tu. Hayo ndiyo yaliyosomesha watoto wangu.”

Watoto hao wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake. Nyumbani amebaki na mume wake, fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika nyonga. Tangu siku hiyo hajapanda hata ngazi ya kuingilia barazani bila kushikwa mkono. Chakula cha nyumba hiyo kinatoka kwenye manyoya.

Kisha vikaja viegemeo vipya. Hivi vina kamba nyembamba inayofungwa kwenye nyaya za upinde, zile zinazovutwa pamoja na uzi. Ukivuta, kiegemeo kinainuka na kuubeba mshale. Ukiachia, kinaanguka chini kabla manyoya hayajafika. Hakuna cha kugusana. Kocha aliagiza vya klabu nzima, na kwa kuwa hakuna mwingine mwenye subira ya kufunga kamba ndogo namna ile, akamwomba Mama Poda avifunge.

“Nilidhani ananitania,” anasema mama huyo. “Nikamuuliza, mwanangu, unanipa jembe nichimbe kaburi langu?”

Kocha, kijana mpole anayeongea huku anatazama viatu vyake, hakatai kwamba maneno hayo yalimchoma. “Sikuwa na uso wa kumtazama,” anasema. “Lakini klabu nyingine zote zimeshabadilisha. Tungeendelea kushindwa mpaka lini?”

Basi akavifunga. Aliomba siku chache za kuvijaribu kwa poda, upinde mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Baadhi ya viegemeo vilikuwa vinaanguka, vinadunda, na kurudi juu kuligusa nyoya la chini. Jicho halioni, kwa jinsi jambo lenyewe linavyotokea haraka. Poda ndiyo iliyoonyesha, ilipofutika kwa mstari mwembamba.

Kocha hakujua. Wapiga mishale hawakujua. Kila mtu aliamini kifaa kipya hakigusi kitu, kwa hiyo poda ilikuwa inachekwa kuliko zamani. Mama Poda akakunja kitambaa chake, akafunga sanduku, akaenda nyumbani bila kumwambia mtu.

Usiku ule alimsimulia mume wake, naye baba huyo hakuzunguka. “Viache,” alimwambia. “Hukuviharibu wewe, vimekuja hivyo. Vikwaruze, wakuletee manyoya ubandike, sisi tule. Nani utakuwa umemuibia?”

Mama Poda anakiri kwamba alilala akiwa ameshakubali. “Nisidanganye, niliona amesema kweli. Nilishaanza hata kupanga maneno ya kumwambia kocha manyoya yakichanika.”

Kesho yake mazoezini akamkuta Nesi. Huyu ni muuguzi anayekuja uwanjani akitoka zamu, na miaka kadhaa nyuma aliwahi kukaribia kuacha mchezo. Mishale yake ilikuwa inapotea, akaamini mkono wake umeanza kutetemeka kama wa baba yake, ambaye aliugua hivyo hadi kifo. Ikabidi Mama Poda aipake poda mishale yake na kumwonyesha nyoya linalogonga. Nesi alilia palepale kwa afueni.

Asubuhi hiyo Nesi alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, amejishika kifundo cha mkono wa kulia. Upinde wake ulikuwa mmojawapo wa zile zenye kiegemeo kinachodunda.

“Mama Poda, mishale imeanza tena kupotea,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Safari hii ni mkono wangu kweli. Hivi vipya si havigusi?”

Mama Poda anaposimulia hapa anajifuta mikono ambayo haina kitu. “Angekwenda nyumbani anajitazama mkono mpaka lini? Angejilisha dawa. Nikamwambia, mkono wako mzima, mwanangu, lete huo upinde.”

Aliikaza kamba, akasogeza kidogo pale ilipofungwa, akaweka kipande cha mpira laini chini ili kiegemeo kisidunde. Poda haikuguswa tena. Nesi alipiga mishale yake na kumkumbatia. Halafu Mama Poda akamwita kocha na kumwambia kuhusu zile pinde nyingine zote.

“Nilimuuliza kama anajua anachokifanya,” kocha anasema. “Akaniambia nisimcheleweshe.”

Mume wake aliposikia hakugomba. Alikiacha chakula kikapoa, kisha akaomba ashikwe mkono akalale. Hawajalizungumza tena.

Leo ni pinde za mwisho. Kufikia mchana, viegemeo vyote vinaanguka na kubaki chini, na kwenye meza ya banda hakuna mshale hata mmoja unaongoja kubandikwa. Kocha amemwambia aje wakati wowote kusalimia. Mama Poda ameshakwenda kwa fundi viatu wa karibu na kwake kuuliza kama kuna kazi ya kubandika soli, akaambiwa aje tena mwezi ujao waone. Anakusudia kurudi, ingawa anajua fundi huyo naye anahangaika.

Anapoulizwa anachokitumaini, anaigeukia meza. Anakusanya gundi zake, anazifunga vifuniko, anazipanga kwenye mfuko.

“Natumaini siku moja kocha atanipigia simu aniambie vimeharibika vyote,” anasema. “Nikikaa kidogo namkumbuka yule Nesi na mkono wake, naona aibu. Halafu nakwenda kutazama simu kama ina chaji.”