Uzio Uliotembea

Makaburi yale ya zamani yalianza na mtu asiyejulikana. Msafiri alikutwa amekufa kando ya njia, watu wakaona haya kumwacha, wakamzika papo hapo. Mwaka uliofuata ikaingia ndui, nao tayari walikuwa na pa kuzikia. Wakazungushia minyaa, ule mti wa utomvu mweupe ambao hata mbuzi hauli, wakapatana: ndani ni kwa wafu, nje ni kwa walio hai. Yalikuwa mapatano mazuri, na wafu hawajayavunja mpaka leo.

Walio hai ndio wa kusutwa.

Fundi mwashi mmoja alizaliwa katika nyumba iliyopakana na makaburi. Ni mtu mwema, nisije nikamsingizia. Akijenga ukuta, umenyooka. Akikuahidi Jumanne, anakuja Jumanne, na kwa mafundi huo ni muujiza. Lakini alijua siri ambayo mtaa mzima uliijua na hakuna aliyethubutu kuitamka: uzio wa minyaa ulikuwa unatembea. Kila masika mtu alipanda vijiti vipya hatua moja ndani ya makaburi, vikishika anakata vya zamani. Kwanza unapata pa kuanikia nguo, kisha banda la kuku, mwishowe chumba. Ukiuliza, unajibiwa, "Mbona uzio upo?" Na kweli ulikuwepo, mbichi, umestawi.

Yeye alijizuia miaka mingi, kwa kuwa upande wake, jirani kabisa na minyaa, alilala baba yake. Kisha kijana wake akapata mchumba, na nyumba haikuwa na pa kumweka bibi harusi. Fundi akawaza, akawazua. Asubuhi moja, akiwa peke yake, aling'oa jiwe la kaburi la baba yake, akalisogeza ndani zaidi, akalisimika upya kwa saruji safi. Jiwe tu. Aliyekuwa chini alimwacha alipo, na haukupita muda akamwaga msingi juu yake. Mkamwana akaingizwa chumba cha nyuma kwa vigelegele, na fundi akapiga makofi.

Tangu hapo hakupata raha. Sakafu ya chumba kile ilibonyea katikati. Akaiziba, mvua zilipokuja ikabonyea tena. Mkamwana, ambaye sasa alikuwa mjamzito, alisogeza kitanda hadi ukutani.

"Baba," alimwambia, "hapa nikikanyaga panalia. Kama pana uwazi chini."

"Ni udongo tu, mwanangu. Wa huku ni laini."

"Mbona sebuleni haubonyei?"

Fundi akajifanya anatafuta mwiko wake, na mwiko ameushika mkononi.

Ndipo mama yake alipougua. Alikuwa bibi kizee mwembamba wa mwili, mnene wa maneno, na ombi lake lilikuwa moja, alilirudia kila alipotembelewa: "Nikifa, nilazeni ubavuni kwa mume wangu. Amenisubiri vya kutosha." Fundi aliitikia, "Ndiyo, mama." Akimzika kando ya lile jiwe, atakuwa amemlaza mama yake peke yake, na kumdanganya milele. Akisema kweli, mkamwana atabeba mimba yake akimbie, na mtaa utamnyooshea kidole, mtaa uleule unaofuga kuku juu ya babu zake. Alijichukia, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko chuki.

Siku moja bibi akataka apelekwe akapaone atakapolazwa. Fundi hakuwa na kisingizio. Akambeba mgongoni, mwepesi kama mtoto wa shule, akamketisha mbele ya jiwe. Bibi akageuza kichwa kulia na kushoto.

"Fundi cherehani yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Rafiki wa baba yako. Walizikwa masika moja, bega kwa bega. Nilikuwa nakaa katikati yao, mkono mmoja huku, mwingine kule."

Fundi akainua macho. Jiwe la fundi cherehani lilikuwa kule mbali, karibu na lango, kwa sababu mwanawe naye alikuwa ameongeza choo. Kila nyumba ilihamisha mawe yake kimyakimya, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza jirani wafu wao wamelala na nani.

"Labda mvua, mama. Mawe huteleza."

"Mh. Mvua." Akaomba arudishwe.

Nyumbani akaomba maji, akanywa nusu, akarudisha kikombe. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mkamwana alikuwa ndani akikunja nguo za mtoto ajaye. Bibi aliutazama mlango, akaitazama sakafu, kisha akamgeukia mwanawe. Siku za mwizi ni arobaini, na fundi alijua yake imefika.

"Mwanangu," alisema bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikommaliza fundi, "baba yako umemlaza chumba cha nyuma. Mimi utanilaza kipi?"

Mkamwana alikuwa amekwisha kutoka kule ndani, miguu mitupu, nguo za mtoto kifuani. Alisimama karibu na bibi, akamkazia macho baba mkwe wake, naye akasubiri jibu.